Pembe ya LaVonne

Watu wa televisheni walikuja Holstrum Januari ile kutafuta mtu wa kuwaeleza kwa nini Delia Kerrigan hasikiki. Hawakuja kumsikiliza Delia, la hasha. Walikuja kuuliza kwa nini hasikilizwi. Wakaelekezwa kwa wifi yangu LaVonne Tjaden, maana katika mji mzima ni yeye peke yake aliyekuwa na bango la Delia uani, nalo theluji ilikuwa imelifukia hadi shingoni.

"Mama, unajisikiaje kumuunga mkono mgombea asiyejulikana?" akauliza mwandishi, bwana mmoja wa Des Moines, makao makuu ya jimbo letu, aliyekuja kukanyaga theluji kwa viatu vya ofisini.

"Mngemtangaza angejulikana," LaVonne akamjibu.

Yule bwana akacheka, akidhani ametaniwa. LaVonne akamweleza habari za hospitali na dawa na mishahara, akaeleza mpaka pua ikawa nyekundu kwa baridi. Jioni tukakaa mbele ya televisheni, mimi, yeye na mumewe Verlyn, tukasubiri. Wakaonyesha bango lililofukiwa. Sauti ikasema kampeni ya Kerrigan imezikwa kabla ya kuzaliwa. Basi, ikaja habari ya hali ya hewa. LaVonne mwenyewe alionekana mgongo tu, akiingia ndani.

"Koti lile limekupendeza," Verlyn akasema.

"Nyamaza, Verlyn."

Nikacheka, ila kicheko cha mtu aliyechoka. Ndivyo ilivyokuwa tangu kiangazi. Habari pekee ya Delia ilikuwa kwamba hana habari.

Delia alikuwa muuguzi kabla ya kuingia bungeni, na sasa alitaka kupeperusha bendera ya chama chetu katika uchaguzi wa rais. Alitaka kila mtu atibiwe bila kuulizwa ana bima gani. Alitaka wanaofanya kazi katika viwanda vya nguruwe walipwe mshahara wa kumlisha binadamu. Katika midahalo walimsimamisha mwisho wa jukwaa, karibu na pazia, na kila alipofungua mdomo kengele ikalia. Gavana Whitcomb alisimama katikati. Whitcomb alikuwa mrefu, ana meno, ana pesa, na ilisemekana ndiye anayeweza kushinda. Ukimuuliza mtu Whitcomb anataka nini hasa, anakuna kichwa. "Anataka kushinda," anakwambia.

LaVonne hakuwa mtu wa siasa. Aliendesha basi la shule mpaka nyonga ikakataa. Alichojulikana nacho ni chapati za maji. Kwetu mtu akiugua ugonjwa mzito na bima ikamkimbia, kanisa la Kilutheri linafungua ukumbi wake wa chini, tunapika chapati za maji na soseji, watu wanakuja kula na kutumbukiza hela katika ndoo ya aiskrimu pale mlangoni. Tunaita upendo, na kweli ni upendo. Mbele ya kikaango alikuwa LaVonne kila mara. Alikaanga kwa ajili ya mtoto wa akina Bruns, yule wa figo. Alikaanga kwa ajili ya mwalimu wa muziki. Kisha akakaanga kwa ajili ya Merle, kaka yake, mume wangu. Ndoo ilijaa, ikamwagwa, ikajaa tena, watu wakalia, na haikufika hata robo ya kilichotakiwa. Merle akaacha matibabu katikati, akasema anajisikia nafuu. Alikuwa ananidanganya. Nilijua, naye alijua kwamba najua, na tukaishi hivyo mpaka mwisho wake.

Baada ya mazishi LaVonne alikuja jikoni kwangu, akakaa bila kuvua koti.

"Wifi, nimechoka," akasema. "Simkaangii mtu tena. Mtu akiugua atibiwe, kwani tunapika ya nini?"

Wiki iliyofuata akamsikia Delia redioni akisema maneno hayohayo, isipokuwa chapati. Tangu hapo kumpigia kampeni ikawa ndiyo kazi yake.

Wala hakuwa na ndoto ya kumwona Delia ikulu, LaVonne si mjinga. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya mkutano wa mchujo, pembe ya Delia pale Holstrum isimame na ipate mjumbe wake. Mjumbe mmoja wa kutumwa kwenye mkutano wa juu wa chama, ili huko wajue kuna mahali watu walisimama kwa ajili ya jambo hili. Maana sisi hatutumbukizi karatasi kwenye sanduku. Tunakusanyika ukumbini, kila mtu anakwenda kusimama kwenye pembe ya mgombea wake, majirani wote wakimkodolea macho. Pembe ikikosa asilimia kumi na tano ya watu waliofika, inatangazwa kwamba si hai. Ndivyo inavyosemwa, si hai, na watu wake wanagawanywa kama nguo za marehemu.

Mwezi wa Novemba Delia mwenyewe alifika, katika ukumbi wa maveterani. LaVonne alioka vipande vya keki ya malenge sinia baada ya sinia. Watu walikuja, tena si haba. Delia alikuwa na sauti ya kukwaruza na macho ya mtu aliyelala kwenye gari, lakini alisema vizuri. Alisema juu ya wagonjwa aliowahudumia, ambao walikuwa wanamuuliza bei ya dripu kabla ya kuuliza wana ugonjwa gani. Nikaona watu wazima wanatazama mikono yao. Hata Rog Petersmeyer alikuwepo, muuza mbegu za mahindi, yeye ndiye kiongozi wa watu wa Whitcomb hapa kwetu. Alikuja kwa ajili ya keki.

Mlangoni LaVonne akawashika mmoja mmoja. "Unamwonaje?"

"Si mbaya," akasema Rog huku akifuta makombo. "Si mbaya hata kidogo huyu mama."

"Si mbaya," akasema mama wa duka la dawa.

"Si mbaya kabisa," akasema mchungaji.

Wakaondoka, na LaVonne akanishika mkono kwa nguvu, uso unang'aa. "Umewasikia, wifi? Wamempenda!"

Nilitamani kukaa chini. Sisi huku hatujui kusema hapana. Tumelelewa hivyo. Ukimwambia jirani hapana usoni, utaonana naye wapi kesho, na mji wenyewe huu una taa moja ya barabarani? Kwa hiyo tunasema si mbaya. Mavuno yakivunja rekodi, si mbaya. Mtoto akioa binti mzuri, si mbaya. Na mtu akikuletea kitu usichokitaka mpaka mwisho wa dunia, unakishika kwa mikono miwili na kumwambia si mbaya, ili aende zake akiwa na furaha. Ni neno hilohilo moja, na kila aliyezaliwa hapa anajua kulipima kwa sikio. LaVonne amezaliwa hapa. Lakini alikuwa na hamu mno, na hamu iliziba masikio.

"LaVonne," nikamwambia, "Rog huyohuyo alisema si mbaya kuhusu kile kifuniko cha choo nilichomfumia Krismasi iliyopita. Umekiona kwake?"

"Sijui. Sikuingia chooni."

"Mimi niliingia. Hakipo."

"Wewe tangu Merle afe huna jema la kusema!"

Akaninunia wiki nzima. Sikumlaumu, maana alisema kweli.

Aliporudi tukaendelea, yeye na fimbo yake, mimi nikiendesha gari, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Mtu alitufungulia, akatukaribisha kahawa, akauliza hali ya nyonga. Halafu wimbo ukawa uleule. Nakumbuka kwa Lorraine Bruns, mama wa yule mtoto wa figo. Huyu kweli niliamini atakuja.

"Ana mawazo mazuri sana," Lorraine akasema. "Ila hawezi kushinda, jamani."

"Kwa nini hawezi?" LaVonne akauliza.

"Watu hawatamchagua."

"Wewe ungemchagua?"

"Mimi? Mimi ningemchagua saa hii hii! Lakini watu..."

"Watu gani, Lorraine?"

"Watu. Unajua walivyo."

Tulipotoka nikawasha gari kwa hasira. Huyo Watu tulimkuta anatajwa kila nyumba, na hakuna hata moja alimokuwa anaishi. Wachambuzi wa televisheni wanasema Delia hakusikika. Uongo mtupu. Alisikika vizuri sana. Kila mtu alimsikia, akamkubali, kisha akageuza shingo kutazama kama jirani naye amekubali, na jirani alikuwa anamtazama yeye.

Asubuhi ya mkutano nilikuwa kwao, tunakunywa kahawa. LaVonne akamuuliza mumewe, kama kwa utani, lakini mkono ulikuwa umekaza kikombe.

"Na wewe mzee, utasimama kwenye pembe yangu?"

Verlyn alikuwa anatafuna mkate. Akatafuna mpaka ukaisha. "Haitakuwa mbaya," akasema.

LaVonne akambusu utosini.

"Hiyo ni ndiyo, shemeji?" nikauliza.

"Nimesema haitakuwa mbaya."

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Watu walijaa, makoti yamerundikwa jukwaani, sakafu imelowa theluji iliyoyeyuka. Pembe yetu ilikuwa chini ya goli la kikapu lisilo na wavu. Rog alikuwa amechukua pembe ya karibu na mlango, kaweka meza, kaweka piza, kila anayeingia anakutana na mkono wake. Sisi tulikuwa na chupa ya kahawa na bango moja. Walikuja waliokuja: sisi wawili, mkutubi, wanafunzi wachache wa chuo waliorudi nyumbani, mwanamume mmoja wa kiwanda cha nyama na mkewe. LaVonne alikuwa anatazama mlango, kwa sababu Verlyn alikuwa bado anaegesha gari.

Akaingia. Akavua kofia, akatutafuta kwa macho, akatuona. Nina hakika alituona. Rog akamdaka bega.

"Verlyn, mzee wangu! Huku bwana, huku kuna joto!"

Na Verlyn, ambaye hajawahi kumwambia mtu hapana tangu azaliwe, akaenda. Akasimama kati ya watu wa Whitcomb akiwa ameshika kipande cha piza, kama mbwa aliyekutwa na siagi mdomoni. LaVonne aliinama akarekebisha bango ambalo halikuhitaji kurekebishwa.

Mwenyekiti alikuwa Joyce Haverkamp, aliyewafundisha wote mle ndani kusoma, na wote mpaka leo wanamwita Mwalimu. Akahesabu. Sisi tulihitaji kumi na wawili. Tulikuwa tisa.

"Mna robo saa ya kushawishiana," Mwalimu akasema. "Kwa adabu."

LaVonne akachukua fimbo, akaanza kuzunguka ukumbi. Niliona aibu kwa niaba yake, nikaona na uchungu. Lorraine Bruns alimkumbatia kwa nguvu na kubaki alipo. Mama wa duka la dawa aligundua ghafla kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Katika viti vya wasioamua akampata Emil Zahradnik na mkewe, Emil akisema miguu yake haijali inaumia kwenye pembe ipi. Wakaja. Tukawa kumi na mmoja.

Tulipungukiwa mtu mmoja tu. LaVonne akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya Rog. Ukumbi ukapunguza sauti. Huku kwetu mume na mke hawazozani mbele za watu, hata nyumba ikiungua.

"Verlyn."

"Vonnie."

"Njoo."

"Nilishamwahidi Rog."

"Ulimwahidi nini?"

Verlyn akazungusha kofia mikononi. "Alipita ghalani Jumanne. Akaniuliza kama nitakuwa naye. Nikamwambia haitakuwa mbaya."

"Na mimi uliniambia nini leo asubuhi?"

Akaivaa kofia, akaivua tena.

"Nakuuliza, Verlyn. Mimi uliniambia nini?"

"Hawezi kushinda, Vonnie," akasema taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Tutakuwa tumeitupa bure."

"Simtafuti rais. Natafuta mtu mmoja."

"LaVonne, mwachie mzee wa watu apumue," Rog akaingilia, akicheka kile kicheko chake cha kuuzia mbegu. "Nchi huru hii, mama!"

Watu wakacheka kidogo, kwa afueni. Verlyn akatazama sakafu. LaVonne akasubiri, na nadhani angesubiri mpaka asubuhi, lakini Mwalimu akapiga makofi kuashiria muda umekwisha. Akarudi kwetu peke yake. Nikataka kumshika mkono, akausogeza.

Mwalimu akahesabu tena, ingawa aliona mwenyewe. "Kundi la Kerrigan, kumi na mmoja," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Si hai. Watu wake wako huru kujiunga na wengine."

Basi hapo ndipo nilipoona maajabu. Miezi yote ile tulikuwa tunatafuta mtu wa kutusikiliza, na sasa ukumbi mzima ulitujia. Whitcomb alihitaji watu wachache apate mjumbe wa ziada, na wapinzani wake hali kadhalika. Walikuja na piza, walikuja na viti tukae. Walimwita LaVonne mpenzi, walimwita dada, wakamuuliza anaonaje. Na walimsifu Delia! Hakuna hata mmoja aliyesema si mbaya. Walimsifu wazi, kwa maneno makubwa, kama tunavyofanya kanisani jeneza likiwa mbele.

"Kusema ukweli yeye ndiye alikuwa bora kuliko wote," Rog akasema, mkono kifuani. "Ule usiku wa maveterani karibu nilie."

"Mimi moyo wangu ulikuwa kwake tangu mwanzo," akasema mama wa duka la dawa.

"Na wangu," akasema Lorraine, machozi yanamlenga. "Ningejua mmebakiza mmoja tu, LaVonne, haki ya Mungu ningekuja."

"Ulikuwa unatuona," nikamwambia. "Tuko hapa, chini ya goli."

"Arlys, tafadhali," LaVonne akanituliza. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mwalimu, naomba kuuliza swali."

"Hesabu imefungwa, LaVonne."

"Najua. Si la hesabu."

Mwalimu akamtazama, akaitikia kwa kichwa. LaVonne akaegemea fimbo. Hakupandisha sauti.

"Nataka kujua kwa ajili yangu tu," akasema. "Nani hapa angesimama na mimi, kama angejua kwamba mwenzake naye anasimama?"

Watu wakatazamana. Emil, ambaye alikuwa ameshaanza piza ya Rog, akainua mkono. Lorraine akainua. Halafu mama wa duka la dawa, halafu mchungaji, halafu nyuma kule wanaume wa ghala la nafaka, mmoja, wa pili, mstari mzima. Rog akaguna, akatazama huku na huku, akauinua wake mpaka usawa wa sikio. Ilikuwa zaidi ya nusu ya ukumbi. Ilikuwa inatosha pembe tatu. Mpaka leo sijui mingapi kati ya mikono ile ilikuwa ya kweli na mingapi ilikuwa ya adabu, kwa sababu nani angethubutu kumwacha mama wa watu amesimama pale na fimbo yake bila kumjibu?

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu na haandiki.

LaVonne akaitazama ile mikono taratibu, kutoka ukuta huu mpaka ule, na niliona anawatambua mmoja mmoja, wote aliowapeleka shule kwa basi lake na wote aliowakaangia. Akafika kwenye pembe ya Whitcomb. Verlyn alikuwa ameinua mkono juu kuliko wote, umenyooka, na macho yake yalikuwa yanamwomba mkewe auone.

Aliuona.

"Shusha mkono, Verlyn," akamwambia. "Kawashe gari."